Mfarishi wa Cherehani: Mkono Ndio Unaochora

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Machakos

Mmetuomba tuseme juu ya kushona mifarishi kwa cherehani ya nyumbani, ile kazi ya mistari inayozunguka zunguka kama maua na majani. Wengi wenu mmeiona katika maonyesho ya kazi za mikono, mkauliza, je, hii imeshonwa na mashine gani?

Jibu ndilo hili hapa mbele yenu. Tumekuja na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, mfuko wa vipande vya nguo, na sindano za akiba. Basi. Tunasema hivyo mapema ili mtu asiondoke hapa akidhani ati ni lazima kikundi kichange pesa za mashine mpya. Kinachotakiwa zaidi ni mazoezi, na mazoezi hayauzwi dukani.

MFARISHI NI NINI

Mfarishi ni shuka nene lenye tabaka tatu. Juu kuna kitambaa cha kupendeza, pengine cha viraka vya kitenge au leso. Katikati kuna ujazo unaoleta joto. Chini kuna kitambaa cha kawaida. Halafu tabaka hizo tatu zinashonwa pamoja, mshono ukipita juu mpaka chini, mfarishi mzima.

Kwa nini mshono upite mfarishi mzima, usiishie kwenye pindo tu? Ninyi watu wa Machakos mnajua jibu kuliko mtu yeyote. Angalieni shamba la mtelemko lisilo na matuta. Mvua moja kubwa ikinyesha, udongo wote uko chini mtoni. Lakini mkichimba fanya juu, mtaro baada ya mtaro, udongo unakaa mahali pake. Watu wa nje wamekuja kuandika juu ya kazi hiyo. Kitabu kimoja kilichotoka mwaka 1994 kilionyesha kwamba hapa Machakos watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua, na sehemu kubwa ya matuta hayo ilichimbwa na mwethya, wengi wao wakiwa akina mama.

Sasa, mshono wa mfarishi ni fanya juu. Ujazo ni udongo. Maji ya kufulia ni mvua. Usiposhona mistari ya kutosha, siku ya kufua ujazo wote utakimbilia pembeni.

Tumeliona jambo hili kwa macho. Kuna kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichotumia pesa za merry-go-round za miezi kadhaa kununua vitenge vizuri sana. Wakampa fundi kazi yote. Fundi akashona pindo nne, na katikati akapitisha mistari miwili mitatu iliyonyooka. Kwa macho mfarishi ulikuwa mzuri, na mteja alilipa. Baada ya kuufua mara ya kwanza aliurudisha, ujazo umejikunja kama mabonge ya ugali katika kona moja. Akadai pesa zake, na pesa zenyewe zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Maneno yaliyofuata katika kikundi kile mnaweza kuyawaza. Mpaka leo wanachama wengine hawasalimiani vizuri.

Kwa hivyo tukizungumza juu ya mishono, tunazungumza pia juu ya pesa za watu na umoja wa kikundi.

KALAMU IMESIMAMA, KARATASI INATEMBEA

Cherehani, kama mnavyoijua, ina meno madogo chini ya sindano. Meno hayo ndiyo yanayovuta kitambaa. Wewe unaongoza tu, na mshono unakwenda mbele kwa mstari. Ukitaka kupinda, unageuza kitambaa chote. Kwa rinda hilo si neno, lakini nani atageuza blanketi nzima chini ya mkono wa cherehani kila anapotaka kuchora jani?

Kwa hivyo tunayanyima meno kazi. Meno yakilala, kitambaa hakivutwi na kitu. Kinakwenda mahali mkono unapokipeleka: mbele, nyuma, kushoto, kulia, mviringo. Sindano inapanda na kushuka tu. Urefu wa mshono hauamuliwi tena na mashine, unaamuliwa na wewe.

Wale waliosoma gumbaru wakumbuke siku za kwanza za kushika kalamu. Kalamu ilitembea na karatasi ikakaa. Hapa ni kinyume. Kalamu, yaani sindano, imesimama mahali pamoja, na karatasi ndiyo inayotembea. Ndiyo maana siku ya kwanza mistari ya kila mtu inakuwa kama njia ya mlevi. Usione aibu. Hata mwandiko wako wa kwanza ulikuwa hivyo.

Kazi hii si ngeni kwa mafundi wetu. Wale wanaotarizi shingo za kanzu na magauni kwa cherehani hufanya hivi hivi: hubana kitambaa katika fremu ya mviringo na kukisogeza kwa mikono. Tofauti ni kwamba mfarishi una tabaka tatu na ni mzito.

KUTAYARISHA CHEREHANI

Kwanza, safisha. Fungua bamba la chini ya sindano, ondoa vumbi la nyuzi, tia mafuta ya cherehani tone moja moja, kisha shona kitambaa kikuukuu ili mafuta ya ziada yatoke huko.

Pili, meno. Cherehani nyingine, zikiwemo nyingi za aina ya Singer na Butterfly, zina skurubu au kitufe cha kushusha meno. Angalia chini ya kitanda cha cherehani. Kama yako haina, weka urefu wa mshono kwenye sufuri. Kisha chukua kadi ngumu nyembamba, toboa tundu la sindano, uibandike juu ya meno kwa selotepu.

Tatu, mguu. Ondoa mguu wa kawaida. Uko mguu mwingine mdogo wenye duara mwishoni na springi, unaoruka pamoja na sindano. Ulizeni kwa wauzaji wa vipuri vya cherehani. Mafundi wa kutarizi hushona bila mguu wowote, lakini kwa anayejifunza tunasema hapana. Mguu unalinda vidole. Na hata kama huna mguu, kile kijiti cha kushushia mguu lazima kishushwe kabla ya kuanza. Kisiposhushwa, uzi wa juu hauna mkazo, na chini utapata kiota cha ndege.

Nne, sindano. Tumia namba 90/14, na kama ujazo ni mzito, 100/16. Sindano butu hutoboa kwa nguvu na kukata uzi. Baada ya saa 8 hivi za kushona, badilisha. Sindano ni rahisi kuliko kitambaa.

Tano, meza. Blanketi likining'inia chini linavuta, na sindano inapinda na kuvunjika. Weka meza nyingine kushoto na nyuma ya cherehani ibebe uzito. Kama meza hakuna, mwanachama mwingine akae pale akishika kitambaa. Mnaona, hata hapa mwethya unahitajika.

KUTAYARISHA KITAMBAA

Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya na leso mpya hutoa rangi, na pamba hurudi ikifuliwa. Suuza mpaka maji yawe meupe. Ukipuuza hilo, nyekundu yako itaingia katika nyeupe yako, na hakuna sabuni ya kuitoa.

Kwa ujazo, blanketi jembamba la mtumba ni zuri kuanzia. Halijikunji na linapokea mshono vizuri. Pamba iliyochambuliwa pia inafaa, lakini huhama kwa urahisi, kwa hivyo mistari yake isiachane zaidi ya inchi 2 au 3.

Tandaza kitambaa cha chini juu ya sakafu safi, sura nzuri ikitazama sakafu. Kikaze bila kukivuta sana. Weka ujazo, halafu kitambaa cha juu. Cha chini na ujazo vizidi cha juu kwa inchi 3 au 4 kila upande. Kisha shikiza tabaka zote kwa pini za kufunga, zile za nepi za watoto, kila baada ya upana wa kiganja. Kama pini hazitoshi, piga bandi kwa mkono, mishono mirefu, kuanzia katikati kwenda nje.

Akina mama, kazi hii ya sakafuni inachosha magoti na mtu hutamani kuiruka. Usiiruke. Tabaka zisiposhikizwa vizuri, upande wa chini utajikunja na kushonwa ukiwa umejikunja, na utagundua ukiwa umemaliza.

MAZOEZI MANNE

Chukua vipande vya nguo kuukuu na ujazo kidogo, utengeneze mfarishi mdogo wa inchi 12 kwa 12. Huo ndio daftari lako.

Zoezi la kwanza ni bila uzi. Kanyaga tu na kusogeza kitambaa. Sikiliza mguu wako. Anayekanyaga kwa miguu ana bahati, maana anaweza kwenda pole pole sana na hahitaji stima. Lakini ahakikishe gurudumu la juu linazunguka kuja kwake. Likirudi nyuma, uzi utakatika.

Zoezi la pili ni matuta. Tia uzi. Zungusha gurudumu kwa mkono mara moja, vuta uzi wa chini uje juu, shika nyuzi zote mbili, shona mishono mitatu minne midogo mahali pamoja ili ufunge, kisha nenda. Shona mistari ya kwenda na kurudi kama matuta ya shamba. Mikono iwe bapa pande mbili za sindano kama unayekanda chapati, isikaribie sindano. Kama kitambaa kinateleza, vaa glavu za mpira za kufulia.

Hapa ndipo siri ilipo: mguu na mkono vikubaliane. Mguu ukienda mbio na mkono ukilala, mishono inakuwa midogo kama chawa na uzi unakatika. Mkono ukienda mbio na mguu ukilala, mishono inakuwa mirefu na sindano inavutwa. Lengo ni mishono 8 hadi 10 kwa inchi moja. Chukua rula, hesabu. Watu wengi wanaoanza hukimbiza mkono kwa woga. Pumua, punguza.

Zoezi la tatu ni jina lako. Liandike kwa kalamu ya chaki juu ya kitambaa, kwa herufi zilizoungana, kisha lifuate kwa sindano. Ukishaweza, liandike bila chaki. Tumeona mama wa miaka zaidi ya sitini akishona jina lake kamili kwa mara ya kwanza, na kipande kile hakukubali kitupwe. Yuko sahihi. Anayeweza kuandika jina lake kwa cherehani anaweza kuchora jani lolote.

Zoezi la nne ni njia ya mbuzi. Mbuzi akienda malishoni hapiti mstari, anapinda huku na huku. Shona mstari mmoja usiokatika, unaopinda pinda na kujaza nafasi yote, bila kujikata wenyewe. Jicho lisitazame sindano, litazame mahali unapokwenda. Ukitaka kupumzika au kusogeza mikono, simama sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa. Hivyo mstari hautaruka.

Ukihamia kwenye kazi kubwa, anzia katikati na uende ukielekea kwenye pindo, ili mikunjo isukumwe itoke nje. Ondoa pini kabla sindano haijazifikia.

KUSOMA MSHONO

Kila baada ya dakika chache pindua kazi utazame chini. Mshono unasema.

Ukiona chini uzi umelala kama kamba iliyonyooka, na wa juu umeuzunguka kwa vitanzi, uzi wa juu umelegea. Kaza kidogo. Ukiona juu vidoti vya uzi wa chini, wa juu umekazwa sana. Legeza. Ukiona vitanzi chini kwenye kona tu, mkono wako unakimbia unapopinda. Uzi ukikatika kila mara, tazama sindano kwanza, kabla ya kumlaumu fundi wa cherehani au jirani aliyeiazima jana.

ASIWE FUNDI MMOJA

Sasa tunakuja kwenye neno tulilolileta hasa.

Katika vikundi vingi kuna mwanachama mmoja mwenye mkono mwepesi. Wote wanamwachia cherehani. Wengine wanakata vipande, wanapika chai, wanasifu. Kazi inakwenda haraka mwaka wa kwanza. Halafu yule mmoja anaolewa mbali, au anapata kazi Nairobi, au anaugua. Vitambaa vinalala sandukuni na panya ndio wanaofaidi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosa, lakini mradi umekufa.

Mama zetu hawakufundishana kiondo namna hiyo. Kila msichana alikaa karibu na mama yake akisokota kamba na kusuka, akiwa njiani, akiwa sokoni, mpaka kiondo kikawa kazi ya kila nyumba. Ndiyo maana kiondo hakikufa.

Hesabu yake si ngumu. Kikundi cha watu 15 chenye cherehani moja, kila mtu akipewa dakika 20, ni saa 5. Gawanyeni katika siku mbili za mkutano. Mwekeni mtu wa kushika saa, na asionee haya mwenyekiti. Anayejua akae karibu na asiyejua, lakini asimnyang'anye kitambaa. Mkono hujifunza kwa kukosea wenyewe. Na kazi ya kuuza isiguswe mpaka angalau watu watano waweze njia ya mbuzi kwa mishono iliyo sawa.

Kwingineko kuna mifano. Kule Alabama, Marekani, mwaka 1966, wanawake weusi maskini wa kata ya Wilcox, wengi wao wa familia za wakulima, waliunda ushirika wa mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Walikuwa wamezoea kushona kwa nguo kuukuu ili watoto wasilale na baridi. Kwa kuungana waliuza mpaka New York, na mwaka 1969 wakajenga nyumba yao ya kushonea. Ushirika ule ulidumu zaidi ya miaka 40, ukafungwa mwaka 2012. Wao walishona mifarishi zaidi kwa mkono. Na karibu zaidi, Nairobi, wanawake waliokimbia vita katika nchi zao walianza mwaka 1996 kushona pamoja katika kikundi cha Amani ya Juu, na mifarishi ni mojawapo ya kazi zao. Pote pawili ujuzi ulikuwa wa wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

BEI

Mweka hazina aandike kila kitu: kitambaa, ujazo, uzi, sindano, nauli, na saa za kazi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, vifaa na nauli ni shilingi 1,700, akiba ya matengenezo ya cherehani ni 100, na kazi ni saa 20. Mteja akija na 2,000 mkakubali, kazi ya saa 20 imelipwa shilingi 200, yaani shilingi 10 kwa saa. Kibarua wa kupalilia atawacheka. Bila daftari hamtajua kwamba mmechekwa.

Kwa hivyo anzeni na vitu vidogo: vishikio vya sufuria, foronya za mito ya viti, mfarishi wa mtoto mchanga wa inchi 36 kwa 45. Vinakwisha haraka, na kosa lake halileti kilio. Mwezi wa saba baridi inapoingia Mua na Iveti, nani hataki kumfunika mtoto?

Na kabla ya kuuza mfarishi wa kwanza, ufueni ninyi wenyewe mara tatu kwa maji na sabuni, muukamue na kuuanika. Ukitoka mzima, uzeni wa pili na wa tatu kwa moyo mkunjufu. Ule wa kwanza ubaki wa kikundi, muwaonyeshe wateja.

Basi, kabla ya mkutano ujao tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Tafuteni meno ya cherehani yenu yanashushwa vipi. Kila mwanachama aje na daftari lake la inchi 12 kwa 12. Na kila mmoja awe ameshona jina lake, hata kama herufi zimelala. Tutayatundika majina hayo yote ukutani, la mwenyekiti na la yule aliyejiunga jana, na hapo tutajua kikundi kina mafundi wangapi.

Sasa nani anakaa kwenye cherehani kwanza?